Pikapu ya Gitaa Letu: Historia ya Sauti Tunayoijua



Katika kijitabu hiki cha Jubilei ya Dhahabu mtasoma juu ya waanzilishi wetu, safari zetu na nyimbo zetu. Mimi nimepewa kurasa chache niandike historia ya kitu kidogo kuliko vyote: kidude chenye urefu wa kidole, kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa letu la zamani. Wapigaji hukiita pikapu. Si ile pikapu inayobeba viazi kutoka Kinangop. Hii hubeba sauti tu, lakini bila hiyo gitaa la umeme ni ubao wenye nyuzi.

Sababu ya kuandika mnaijua. Miezi michache kabla ya sherehe hii, katikati ya mazoezi ya Jumamosi, pikapu iliyo karibu na shingo ya gitaa ilinyamaza. Kamati ikakaa. Vijana wakasema gitaa hili la Kijapani limezeeka, linavuma kama kinu cha posho, basi lichongwe na kuwekwa pikapu mpya zenye nguvu. Wazee wakasema sauti ya gitaa hili ndiyo waliyoipokea nyimbo nayo, na mkiibadilisha mtakuwa mmetuletea mgeni aliyevaa nguo za marehemu. Mvutano huo ulikuwa wa kweli, na kwa wiki mbili watu wawili hawakusalimiana vizuri. Nikatumwa nichunguze. Niliyoyapata ndiyo haya.

Sikio la sumaku

Tuanze na jinsi kidude hiki kinavyofanya kazi. Mwaka 1831, mjini London, Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikisogea karibu na waya uliozungushwa, umeme huzaliwa ndani ya waya huo. Pikapu ni kanuni hiyo hiyo. Ndani yake mna sumaku, na kuizunguka sumaku mna waya wa shaba mwembamba kama unywele, karibu milimita 0.06, uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, unaivuruga nguvu ya sumaku, na umeme mdogo sana unazaliwa kwenye koili. Umeme huo hupita kwenye kebo hadi kwenye ampilifaya, ukakuzwa, nasi tukasikia wimbo.

Ndiyo maana gitaa la nyuzi za nailoni haliwezi kutumia pikapu ya aina hii, maana sumaku haishughuliki na nailoni. Na ndiyo maana pikapu si kipaza sauti. Ukiimba mbele ya pikapu iliyo nzima haikusikii. Inachosikia ni chuma kinachotikisika, basi.

Kikaango kilichoanzisha yote

Katika miaka ya 1920 huko Marekani, wapigaji wa gitaa walikuwa na shida ambayo kila mwanakwaya anaielewa: hawakusikika. Tarumbeta na ngoma ziliwafunika. George Beauchamp, mpigaji wa gitaa la mtindo wa Hawaii huko California, alihangaika na jambo hilo kwa miaka. Mwaka 1931 alitengeneza pikapu yenye sumaku mbili za umbo la kwato la farasi, zilizozizunguka nyuzi juu na chini. Mwenzake Harry Watson akachonga shingo na mwili wa gitaa kutoka ubao mmoja. Kisha Beauchamp akashirikiana na Adolph Rickenbacker, aliyekuwa na karakana ya vyuma, na kuanzia mwaka 1932 wakauza gitaa la alumini la kulaza mapajani. Kwa sababu lilikuwa duara dogo lenye mkono mrefu, watu waliliita kikaango.

Beauchamp aliomba hataza, yaani cheti cha kulinda uvumbuzi wake. Alisubiri sana. Aliipata Agosti 1937, na wakati huo wengine walikuwa wameshatengeneza pikapu zao. Mwaka 1936 kampuni ya Gibson ilikuwa imetoa gitaa liitwalo ES-150, na kijana Charlie Christian alipolichukua na kujiunga na bendi ya Benny Goodman mwaka 1939, watu walisikia kwa mara ya kwanza gitaa likizungumza kwa usawa na tarumbeta. Christian alifariki mwaka 1942 akiwa na umri wa miaka 25. Hadi leo pikapu ya aina aliyoipiga inaitwa kwa jina lake.

Gitaa la umeme lilikuwa kanisani mapema

Wako wanaosema gitaa la umeme liliibiwa kutoka kilabu likaletwa kanisani. Historia haisemi hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1930, miaka michache tu baada ya kikaango kuanza kuuzwa, ndugu wawili, Troman na Willie Eason, waliingiza gitaa la umeme la kulaza mapajani katika ibada za kanisa la House of God huko Marekani. Katika makanisa hayo gitaa hilo lilichukua nafasi ambayo kwingine ni ya kinanda, likaongoza nyimbo na kuitikia mahubiri. Desturi hiyo ipo mpaka leo.

Na yuko dada mmoja ambaye kila mpigaji wa gitaa, wa kanisani au wa nje, ana deni kwake. Rosetta Tharpe alizaliwa mwaka 1915 huko Cotton Plant, jimbo la Arkansas. Mama yake alikuwa mwinjilisti aliyepiga mandolini, na Rosetta alianza kupiga gitaa na kuimba kanisani akiwa mtoto mdogo. Mwaka 1938 alirekodi nyimbo zake za kwanza. Baadaye alichukua gitaa la umeme, akalipiga kwa nguvu ambayo vijana wa rock and roll walikuja kuiiga. Kanisani walimlaumu kwa kuimba nyimbo za injili kwenye kumbi za starehe, na kwenye kumbi walimshangaa kwa kuimba juu ya Mungu. Mwaka 1964 alipiga gitaa kwenye jukwaa la kituo cha reli kilichofungwa huko Manchester, Uingereza, baada ya mvua, akiwa na koti zuri na gitaa jeupe la Gibson lenye pikapu tatu. Picha za siku hiyo zipo. Ukizitazama utaona kwamba anayepiga ni mtu aliyelelewa na kwaya.

Huku kwetu gitaa lilipita njia yake. Fundi Konde, mzaliwa wa pwani, hutajwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kurekodi kwa gitaa la umeme. Wapigaji wa benga kutoka Nyanza nao waliuhamishia kwenye nyuzi za gitaa mwendo wa nyatiti. Sauti ile kavu, kali na ya kurukaruka mnayoijua ilitoka kwenye vidole vyao, lakini ilipita kwenye pikapu za wakati ule. Kwaya nyingi zilizoanza kutumia gitaa la umeme zilijifunza kwa kusikiliza redio, na redio ilikuwa imejaa sauti hiyo.

Koili moja, koili mbili, na mvumo wa taa

Sasa tufike kwenye kile kinu cha posho ambacho vijana wanakilalamikia.

Leo Fender alikuwa fundi wa redio mjini Fullerton, California. Mwaka 1950 alitoa gitaa la ubao mzima ambalo mwaka uliofuata liliitwa Telecaster, na mwaka 1954 akatoa Stratocaster yenye pikapu tatu. Zote zilikuwa na pikapu za koili moja. Sauti ya koili moja ni safi, inang'aa, kila uzi unasikika peke yake. Lakini koili moja ina kasoro ya kuzaliwa nayo: mbali na kusikia nyuzi, inadaka pia umeme unaozunguka ukumbini. Umeme wa Kenya hubadili mwelekeo kwa kiwango cha hezi 50, na taa za mirija, transfoma na nyaya za ukutani zote zinautangaza. Pikapu inaudaka, ampilifaya inaukuza, nasi tunasikia mvumo. Geuka kidogo ukiwa na gitaa na mvumo unapungua au kuongezeka, kama redio inayotafuta stesheni.

Aliyelitatua jambo hili katika kampuni ya Gibson alikuwa Seth Lover, fundi wa ampilifaya. Katika ampilifaya alikuwa ameona jinsi koili mbili zinavyoweza kupangwa zifutiane mvumo, akajiuliza kwa nini pikapu isifanye hivyo. Aliomba hataza mwaka 1955. Pikapu yake ina koili mbili zilizopangwa kinyume, na sumaku zinazoelekea kinyume. Mvumo ukiingia, koili moja inausukuma mbele na nyingine inausukuma nyuma, kama watu wawili wenye nguvu sawa wanaosukuma mlango kutoka pande mbili, basi mlango hauendi popote. Lakini mtikisiko wa nyuzi unapoingia, koili zote mbili zinasukuma upande mmoja, na sauti inaongezeka. Karibu na wakati huo huo, Ray Butts naye alitengeneza pikapu ya namna hiyo ambayo kampuni ya Gretsch iliitumia.

Pikapu ya Lover ilianza kuwekwa kwenye magitaa mwaka 1957, na hataza ikatoka mwaka 1959. Kwa miaka kadhaa pikapu hizo zilibandikwa chini yake karatasi ndogo yenye maneno ya kwamba hataza imeombwa. Leo pikapu moja yenye karatasi hiyo inauzwa kwa bei ambayo ingenunua magitaa kadhaa mapya.

Lakini kuna gharama. Koili mbili zinazosikiliza sehemu mbili za uzi kwa pamoja hupoteza baadhi ya ule mng'ao wa juu. Sauti inakuwa nene, laini, yenye kifua. Kwa mtu anayetaka sauti ya kujaza ukumbi, ni baraka. Kwa mtu anayepiga ile mistari myembamba ya solo inayopita katikati ya sauti za soprano na alto bila kuzigusa, inaweza kuwa blanketi juu ya mdomo.

Hakuna pikapu mbili za zamani zinazolingana

Jambo lililonishangaza zaidi ni hili. Watu hulipa pesa nyingi kutafuta sauti ya mwaka fulani, lakini wale waliotengeneza pikapu za mwaka huo hawakuzifanya zilingane. Kiwandani Gibson, mashine za kuzungusha waya zilisimamishwa kwa kukadiria, basi koili moja ilipata mizunguko mingi kuliko nyingine. Sumaku zilikuwa za alniko, mchanganyiko wa aluminiamu, nikeli na kobalti, lakini za madaraja mbalimbali, kulingana na kilichopatikana. Kiwandani Fender, waya uliongozwa kwa mkono. Mfanyakazi mmoja, Abigail Ybarra, aliingia Fender mwaka 1956 na akastaafu mwaka 2013, na pikapu alizozungusha kwa mikono yake hutafutwa mpaka leo.

Kwa hiyo mtu akikuambia anauza pikapu yenye sauti kamili ya mwaka 1959, muulize: ya gitaa gani katika mwaka 1959? Magitaa mawili yaliyotoka kiwandani wiki moja yangeweza kutofautiana kama ndugu wawili wa tumbo moja.

Biashara ya kubadilisha pikapu

Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1960, pikapu ilipokufa ulirudi kwa aliyekuuzia gitaa, au ulikaa nayo hivyo hivyo. Seymour Duncan alikuwa kijana wakati pikapu ya gitaa lake ilipokatika. Aliifungua, akaichunguza, kisha akaizungusha upya akitumia kisahani cha mashine ya kuchezea santuri. Baadaye, akiwa London, alichukua pikapu za Gibson zilizokuwa zimeharibika, akazisuka upya na kuziweka kwenye Telecaster ya zamani aliyompa Jeff Beck. Mwaka 1976 alianzisha kampuni yake huko Santa Barbara, California. Kabla yake, mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko New York, Larry DiMarzio alikuwa ametoa pikapu ya kuuzwa peke yake, yenye sumaku ya kauri na nguvu kubwa kuliko zile za kiwandani, kwa ajili ya waliotaka ampilifaya ilie kwa ukali.

Hapo ndipo ulipozaliwa uchaguzi ambao kamati yetu ilikuwa inaukabili. Na hapo pia ndipo yalipozaliwa majuto. Katika miaka ya 1970 magitaa mengi yaliyokuwa ya miaka ya 1950 yalichongwa kwa patasi ili pikapu kubwa ziingie. Wakati ule yalikuwa magitaa ya mitumba tu. Leo wenye nayo wanatamani ule ubao urudi, lakini ubao uliochongwa haurudi.

Mambo tuliyoyaangalia

Nayaandika kwa wanakwaya wa kesho, na kwa kwaya jirani zitakazofika mahali hapa.

Kwanza, hakikisha pikapu imekufa kweli. Mara nyingi kosa liko kwenye soketi ya kebo, swichi, au lehemu iliyoachia. Tuliweka mita ya umeme kwenye nyaya za pikapu yetu. Pikapu nzima ya koili moja huonyesha kilo-omu tano, sita, saba, kutegemea aina. Ile ya karibu na daraja ilionyesha namba yake. Ile ya shingo haikuonyesha kitu: waya umekatika ndani.

Pili, usichague kwa namba hiyo ya kilo-omu peke yake. Wauzaji huitaja kama kipimo cha nguvu. Ni kweli kwamba mizunguko mingi huongeza namba na nguvu, na pia huongeza sauti ya kati na kupunguza ile ya juu. Lakini waya mwembamba zaidi huongeza namba hata bila kuongeza mizunguko, na sumaku nayo ina neno lake. Alniko kwa kawaida ni laini zaidi sikioni, na kauri ni kali zaidi, ingawa fundi mzuri anaweza kukushangaza kwa yoyote kati ya hizo.

Tatu, angalia mahali inapokaa. Karibu na daraja nyuzi hutikisika kidogo, kwa hiyo pikapu ya hapo huhitaji nguvu zaidi. Karibu na shingo hutikisika sana. Ukiweka pikapu yenye nguvu shingoni na dhaifu darajani, kila ukigeuza swichi fundi mitambo atakuwa anakimbilia vitufe vyake.

Nne, angalia mume na mke. Pikapu mbili zikipigwa pamoja lazima zikubaliane mwelekeo wa koili na wa sumaku. Zisipokubaliana, sauti inakonda, kama mtu anayeimba akiwa ameziba pua.

Tano, vipimo vya mwili. Nafasi kati ya uzi na uzi haifanani katika magitaa yote, wala upana na kina cha tundu. Pikapu za Fender na Gibson zina vipimo vinavyojulikana, na wengi hutengeneza kwa vipimo hivyo. Magitaa mengi ya Kijapani ya miaka ya 1960, kama letu, yana vipimo vyake yenyewe.

Sita, vile vifundo vya sauti na toni. Kwa kawaida pikapu za koili moja huendana na kifundo cha kilo-omu 250, na za koili mbili cha kilo-omu 500. Ukibadilisha pikapu ukaacha kifundo kisicholingana, utalaumu pikapu kwa kosa la kifundo.

Saba, na hili ni bure: jaribu bisibisi kwanza. Pikapu huinuliwa na kushushwa kwa skrubu. Ikiwa mbali na nyuzi inakuwa hafifu. Ikiwa karibu mno, sumaku inazivuta nyuzi na gitaa linakataa kukaa kwenye tuni. Nusu ya malalamiko yetu kuhusu ile pikapu ya daraja yaliisha kwa kugeuza skrubu mbili.

Takataka iliyotafutwa

Katikati ya uchunguzi nilikutana na jambo lililobadili mazungumzo ya kamati. Pikapu za gitaa letu zina kifuniko chenye karatasi inayong'aa kama dhahabu. Vijana walikuwa wakiicheka, wakisema ni ya karatasi ya chokoleti. Basi, pikapu za namna hiyo ziliwekwa kwenye magitaa ya bei nafuu ya Kijapani, kama yale ya Teisco. Na mpigaji maarufu Ry Cooder, yule aliyerekodi na Ali Farka Touré wa Mali albamu iliyotoka mwaka 1994, aliichukua pikapu kama hiyo kutoka gitaa la bei nafuu akaiweka kwenye Stratocaster yake, karibu na shingo. Wapigaji waliposikia, wakaanza kuzitafuta. Leo wako mafundi wanaotengeneza mpya za kuiga zile ambazo zamani hakuna aliyezitaka.

Nilipoyasoma hayo mbele ya kamati, kijana mmoja aliyekuwa wa kwanza kutaka gitaa lichongwe aliinuka, akalichukua, akalipiga kwa ile pikapu moja iliyobaki. Hakusema kitu. Mzee wetu aliyelipiga kwa miaka mingi, ambaye sasa vidole vyake vimekaza, alimwambia, "Mwanangu, lipige polepole. Linajua."

Tulichoamua

Nisije nikawafanya vijana waonekane wamekosea. Mvumo ni kweli, na katika ukumbi wetu wa taa za mirija ulikuwa unaharibu maombi ya kimya. Na mtu hatakiwi kupiga chombo kibovu kwa sababu tu wazee wanakipenda. Kwa hiyo uamuzi ulikuwa na pande mbili.

Kwanza, gitaa halitachongwa. Pikapu ya shingo itasukwa upya kwa waya mpya, sumaku na kifuniko vikibaki vile vile. Hili halikuwa rahisi. Tulikwenda kwa fundi anayesuka mota za pampu, mtu mwema, akatuonyesha waya wake mwembamba kuliko wote. Ukiuweka kando ya waya wa pikapu ulikuwa kama kamba ya kufungia ng'ombe. Mwanakwaya wetu wa zamani anayeishi ng'ambo ndiye aliyetutumia waya unaofaa, na fundi akausuka kwa subira, akauvunja mara mbili, akaanza tena. Baada ya hapo koili iliingizwa kwenye nta iliyoyeyushwa kwa moto mdogo, ili waya usitikisike ndani na kupiga mluzi ampilifaya inapopandishwa.

Pili, tundu la ndani ya gitaa limefunikwa kwa karatasi ya shaba iliyounganishwa na ardhi ya kebo. Hiyo haiondoi mvumo wote, maana koili moja itabaki kuwa koili moja, lakini ule mkwaruzo mkali umepungua sana. Wakati wa maombi mpigaji atafunga sauti kwa kifundo, kama tulivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Na kamati imekubali kwamba gitaa jipya litakalonunuliwa kwa ajili ya vijana litakuwa la koili mbili, la kujaza ukumbi, na hakuna mzee atakayelinung'unikia.

Isaka alipokuwa mzee alishika mikono ya mtu mmoja akasikia sauti ya mwingine, akachanganyikiwa. Sisi tumechagua kutolipa gitaa letu sauti isiyokuwa yake. Ule waya wa zamani uliokatika tumeuweka kwenye bahasha pamoja na karatasi yenye tarehe na vipimo, ndani ya sanduku la gitaa, ili atakayelifungua baada yetu ajue kilichofanywa na kwa nini.

Katika ibada ya Jubilei gitaa litapigwa na yule kijana. Mzee ataketi safu ya kwanza. Mkisikia mvumo mdogo kabla ya wimbo wa kwanza kuanza, msigeuke kumtafuta fundi mitambo. Ni gitaa letu.